Siri ya Bomas Si Mali ya Rais

Mwaka 1988 jarida la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipothubutu kufichua wizi wa kura katika uchaguzi wa mlolongo, lilipigwa marufuku na mhariri wake akafungwa. Siku hizo aliyesema aliadhibiwa. Leo tuna ugonjwa mwingine: Rais mwenyewe husema, lakini husema nusu, tena kwa wakati aupendao.

Mwezi Agosti 2022, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Wafula Chebukati, alidai kwa kiapo mbele ya Mahakama ya Juu kwamba maafisa wakuu wa serikali na wa usalama walimwendea Bomas kumshinikiza kuhusu matokeo ya kura za urais. Miongoni mwa aliowataja alikuwa Francis Ogolla, wakati huo naibu mkuu wa majeshi. Septemba 5 mahakama iliidhinisha ushindi wa William Ruto. Aprili 2023 Rais alimpandisha Ogolla kuwa Mkuu wa Majeshi, kisha akawaeleza wananchi kwamba alijua fika kuwa jenerali huyo alikuwa katika kundi lililotaka kuupindua ushindi wake. Aliyarudia hayo Aprili 2024, jenerali akiwa amekwisha kufa katika ajali ya helikopta.

Tahadhari ya kiongozi katika mambo kama haya si dhambi. Mwaka 2016 Barack Obama alisita kuufichua hadharani mkono wa Urusi katika uchaguzi wa Marekani, akichelea kuonekana anampigia debe mgombea wa chama chake. Hata hivyo, Oktoba 7, kabla ya kura, serikali yake ilitoa taarifa rasmi. Rais wetu hakuwa na udhuru huo. Uchaguzi ulikuwa umekwisha, naye ndiye mshindi.

Kusamehe ni haki yake kama Mkristo. Lakini kosa lililodaiwa halikumhusu yeye peke yake. Lilimhusu kila mpiga kura, hata Wakilifi wengi waliomchagua Raila Odinga. Kwa sheria, mwenye ushahidi wa uhalifu huupeleka kwa wapelelezi na kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si jukwaani. Jenerali hakupata nafasi ya kujitetea mbele ya hakimu, nasi hatukupata kujua kama yupo aliyewatuma. Hili la pili, nakiri, ndilo linaloninyima usingizi.

Katika uchaguzi huo takriban nusu ya waliojiandikisha Kilifi hawakupiga kura. Twawalaumu kwa uvivu. Lakini kijana wa Ganze au Magarini apange foleni alfajiri kwa sababu gani, ikiwa anaambiwa na Rais kwamba wakubwa walijaribu kuyageuza matokeo na hakuna aliyefikishwa kortini?

Chebukati naye alifariki Februari 2025. Mashahidi wanatutoka, na Agosti 2027 inakaribia. Maaskofu, wachungaji na masheikh wa pwani hii wamwandikie Rais sasa, bila kungoja kampeni: aunde tume ya uchunguzi kwa mujibu wa sheria, naye awe shahidi wa kwanza kuapishwa.