Nani Asemaye Mchuma Chai Hana Ufundi?



Katika amri ya Serikali ya mishahara ya wafanyakazi wa kilimo kuna orodha ya kazi. Dereva wa trekta yumo kwa jina la kazi yake. Karani wa shamba yumo. Nyapara yumo. Mpishi yumo, na mlinzi na mchunga ng'ombe wametajwa pia. Mchuma chai ukimtafuta humwoni. Yeye ametiwa katika fungu la chini kabisa, fungu la wafanyakazi wasio na ujuzi. Hata pale mapatano ya chama yanapompa mshahara zaidi ya kiwango cha amri hiyo, jina hilo limebaki juu yake kama doa la chai kwenye shati jeupe.

Mabwana wenye mashamba makubwa hulipenda sana jina hilo. Mtu asiye na ujuzi ni rahisi kumwondoa. Leo ni mkono, kesho ni mashine, na hakuna anayepaswa kuulizwa. Sisi twasema jina hilo ni la uongo, na ushahidi wetu wa kwanza ni mti wenyewe.

Watu wengi wa mjini hudhani ya kwamba mti wa chai ni kichaka kifupi kama ua wa nyumba. Sivyo. Chai ya jamii ya Assam, ambayo ndiyo mama wa chai nyingi za Kericho, Nandi na Limuru, ukiiacha bila kuikata itapanda mita 10 na zaidi, iwe mti kamili wenye shina, maua meupe na mbegu. Ndugu yake wa China ana majani madogo na hapandi juu hivyo. Mti wetu hukomea kiunoni kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mikono ya watu imeukataza kupanda. Hukatwa ungali mchanga ili utawanye matawi. Huchumwa kila baada ya siku 7 hadi 14. Kila miaka mitatu au minne hupogolewa tena, kisha kazi ya kuutengeneza huanza upya. Lile zulia la kijani ambalo watalii hulipiga picha kule Kericho haliko hivyo kwa asili, wala halikuletwa na meli kutoka London. Limetengenezwa na mchumaji, raundi kwa raundi, mwaka mzima, na likiachwa miezi michache tu litaanza kurudi porini.

Sasa mchumaji huchuma nini? Majani mawili na chipukizi. Kwa nini asichume manne akajaza kapu upesi? Mti wa chai hautengenezi kafeini ili sisi tuchangamke asubuhi. Huitengeneza ili kujikinga na wadudu. Jani changa ni laini, halijapata ngozi ngumu, kwa hiyo mti hulilinda kwa dawa hiyo, na jani likikomaa dawa hupungua. Ndiyo maana chipukizi na majani mawili ya juu yana kafeini nyingi kuliko jani la nne au kijiti. Kahawa nayo huificha kafeini ndani ya mbegu zake, na uchunguzi wa urithi wa kahawa uliotangazwa 2014 ulionyesha ya kwamba mti huo ulijipatia njia yake wenyewe ya kuitengeneza, mbali na chai na kakao. Wataalamu wa Ulaya walichukua muda kuelewana juu ya jambo hili. Mjerumani Runge aliitoa kafeini katika kahawa mwaka 1819. Mwaka 1827 mwingine aliipata katika chai akaipa jina jingine, theini, na mpaka 1838 ndipo ilipothibitishwa kwamba ni kitu kimoja. Mama anayetuuzia chai ya rangi na kahawa pale getini alfajiri angeweza kuwaambia zamani, maana usingizi hukimbia kwa namna moja.

Tazama basi vidole vya mchumaji. Kwa nukta moja ya saa anaamua kama chipukizi li hai au limelala, kama jani la pili ni laini au limeanza kuwa gumu, kama tawi likivunjwa hapa litatoa jingine raundi ijayo au litakufa, kama meza bado iko sawa au imeanza kupanda upande mmoja. Kisha hulitupa jani kapuni bila kulishindilia, kwa sababu jani lililobanwa hupata joto na kuanza kuwa jekundu kabla ya kufika kiwandani, na hakuna mtambo utakaolirudisha. Kilo 4 na zaidi za jani bichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu. Uamuzi huo huufanya maelfu ya mara kwa siku, kwenye mvua na matope, kapu likiwa mgongoni, na mtoto akimngoja nyumbani. Bwana aliyeandika "hana ujuzi" twamkaribisha shambani kwa asubuhi moja. Mizani ya karani itatoa hukumu, na jani lake tutalimwaga mbele yake alione.

Labda mtasema hayo ni maneno ya chama tu. Haya, tusome historia.

Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye ulimwengu wote humheshimu kwa kupanga majina ya mimea, aliandika mwaka 1762 ya kwamba chai ya kijani na chai nyeusi hutoka katika miti miwili mbalimbali. Vitabu vikafuata. Kwa muda wa miaka 80 hivi mabwana wa elimu walibishana, na hali mchumaji yeyote wa Fujian angeweza kuwaeleza kwamba mti ni mmoja, na tofauti iko katika namna jani linavyotengenezwa baada ya kuchumwa. Mwingereza Robert Fortune alikwenda China katika miaka ya 1840, akaona kwa macho yake, na ubishi ukaisha. Elimu ilikuwako siku zote. Ilikaa kwa watu wenye kapu, na hakuna aliyewauliza.

Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki ikamtuma Fortune tena mwaka 1848 ili atoe chai ya China kwa siri. Aliondoka na mbegu na miche. Lakini jambo ambalo twataka mlitie moyoni ni hili: mwaka 1851 alipelekea India mafundi wa Kichina pamoja na miche hiyo. Kampuni ile ile ilikuwa imekwisha kuwatafuta Wachina kwa ajili ya Assam katika miaka ya 1830. Twauliza, kama kazi ya chai haina ufundi, kwa nini wizi wa mbegu haukutosha? Kwa nini walilazimika kuwachukua na watu?

Na huko Assam, nani alionyesha chai? Wasingpho walikuwa wakiinywa katika misitu yao. Maniram Dewan, mtu wa Assam, ndiye aliyempa Robert Bruce habari zake mwaka 1823. Mabwana wa kamati ya chai waliidharau hiyo ya porini, wakasisitiza mbegu za China, nazo hazikupatana na joto la mahali pale. Chai ya wenyeji ndiyo iliyoshinda, na Januari 1839 makasha ya kwanza ya Assam yaliuzwa mnadani London. Maniram alianzisha mashamba yake mwenyewe. Mwaka 1858 Waingereza walimnyonga kwa kumshtaki kwamba alishiriki katika uasi dhidi yao. Kisha mashamba yakajazwa vibarua waliotolewa mbali kwa mikataba, na sheria ya 1859 ikamfanya mfanyakazi avunjaye mkataba kuwa mhalifu. Wazee wetu waliijua sheria ya namna hiyo kwa jina la Amri ya Mabwana na Watumishi ya 1906, na baadaye wakabebeshwa kipande shingoni. Ni ajabu sana mtu asiye na ujuzi kulindwa kwa sheria na jela ili asiondoke.

Hapa Kenya chai ilipandwa kwanza Limuru mwaka 1903, na makampuni makubwa yakaingia katika miaka ya 1920. Kahawa iliwatangulia: mapadre waliipanda Bura, katika nchi ya Taita, mwaka 1893. Hapo ndipo twaambiwa kwamba Wazungu "walileta" kahawa Afrika! Kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia. Wataalamu wamethibitisha ya kwamba ilizaliwa kwa wazazi wawili, robusta na kahawa nyingine iitwayo eugenioides, ambayo humea porini katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, hata magharibi mwa Kenya. Waganda na Wahaya walikuwa wakitafuna buni na kufanyia undugu wa damu kwa mbegu mbili za tunda moja kabla padre yeyote hajafika. Kilicholetwa kwa meli kilikuwa mjukuu wetu, akirudi nyumbani na cheti cha kigeni.

Na aliporudi, wenye nyumba walikatazwa kumgusa. Masetla walisema Mwafrika hawezi kutunza kahawa, ataleta magonjwa, ataharibu jina zuri la kahawa ya Kenya. Jambo jingine halikusemwa kwa sauti kubwa sana, yaani kwamba mtu mwenye kahawa yake haji kuchuma ya setla. Mpaka miaka ya 1930 ndipo watu wachache wa Kisii, Embu na Meru walipoanza kuruhusiwa. Wakulima wadogo wa chai wao walipata mamlaka yao mwaka 1960, yakawa KTDA mwaka 1964. Hii leo wakulima hao, ambao baba zao waliitwa wajinga wasiofaa kupewa mche, hutoa zaidi ya nusu ya chai yote ya Kenya, na sifa ya jani lao hutokana na majani mawili na chipukizi yaliyochumwa kwa mkono.

Tazameni basi kichekesho hiki. Mama ana robo eka ya chai yake. Asubuhi anachuma kwake, analeta kituoni, na anaitwa mkulima. Bwana shamba humfundisha, humkagua, na jani baya humrudishia, kwa maana kuna jani baya na jema, na yuko ajuaye tofauti. Kesho yake anavuka barabara na kuingia shamba kubwa, anachuma mti wa namna ile ile kwa vidole vile vile. Huko amekuwa mtu asiye na ujuzi. Je, ujuzi wake ameuacha wapi? Barabarani?

Sasa tufike kwenye mashine. Wengine watasema chama kinapinga maendeleo. Mashine zimeingia katika mashamba makubwa tangu miaka ya 2000. Oktoba 2010 maelfu ya wafanyakazi waligoma kwa sababu yake. Mei 2023 mashine zilichomwa moto Kericho. Sisi hatujengi chama kwa kiberiti, na mwanachama akitiwa ndani kwa moto huo, watoto wake ndio wanaolala njaa. Lakini twaelewa hasira ilitoka wapi.

Mashine haichagui. Hupita juu ya meza na kukata kila ilichokutana nacho, chipukizi na kijiti, jani laini na jani la zamani, tawi lililo tayari na lililohitaji siku tano zaidi. Waajiri hujibu ya kwamba Japani hutumia mikasi na mashine tangu zamani. Ni kweli, wala hatutaficha. Lakini miti ya huko imetengenezwa kwa ajili ya mashine, na wakulima wengi wa chai wa Japani ni jamaa wenye mashamba yao wenyewe. Mashine ikipunguza kazi, faida hubaki nyumbani. Hapa kwetu mashine moja ikiingia, watu wengi hutoka na masanduku yao katika nyumba za kampuni, na faida hatujui imekwenda ng'ambo ipi. Tena angalieni orodha ile ya mishahara. Dereva aliyekalia chombo anahesabiwa kuwa na ujuzi. Mama aliyeutengeneza mti mpaka ukawa sawa hata chombo kikaweza kupita juu yake, yeye hana.

Kwa hiyo madai yetu katika mazungumzo yajayo ni haya. Jina "mchumaji" liandikwe katika amri ya mishahara miongoni mwa kazi zenye ujuzi, na kiwango chake kiwe juu ya fungu la chini. Mashine isiletwe katika shamba lolote kabla chama hakijaitwa mezani, na wachumaji wa shamba hilo hilo wawe wa kwanza kufundishwa kuiendesha, wanawake kwa wanaume. Anayeondolewa alipwe kwa miaka aliyotumikia, si kwa nauli ya basi tu. Na jani la mashine lipimwe ubora kwa kanuni ile ile inayotumiwa kumkata mchumaji kilo zake pale mizani.

Wenye mashamba watatuuliza ujuzi huo ni upi hasa, na hapo hatutaki kujibu kwa kelele. Kila tawi liketi na wachumaji wake wa miaka mingi, liandike kwa maneno yao wanachotazama kabla ya kuvunja jani, wanavyotambua chipukizi lililolala, wanavyosawazisha meza baada ya kupogoa, na muda waliotumia kumfundisha mgeni mpaka akaacha kurudishiwa jani. Karatasi hizo zifike kwa katibu kabla ya siku ya mazungumzo.