Maji Huchemka kwa Nyuzi Ngapi Rhotia?

Mwanafunzi wa kidato cha pili akiulizwa maji huchemka kwa nyuzi ngapi, hujibu bila kusita: nyuzi 100 za sentigredi. Jibu hilo ni sahihi kwa Tanga na Dar es Salaam, palipo karibu na usawa wa bahari. Kwa Rhotia, katika Wilaya ya Karatu, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,500, si sahihi. Huko sufuria ya maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, na ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, penye mita 2,200 na zaidi, hutokota kwenye nyuzi 92 au 93. Yamkini msomaji ataona kwamba tofauti hiyo ni jambo dogo la vitabuni. Kwa maoni yangu imo katika sababu za magari kuonekana yamesimama kando ya barabara itokayo Makuyuni kwenda lango la Ngorongoro, boneti ziko wazi na mvuke unafuka; na kutoifundisha barabara kunawagharimu wenye magari injini zao.

Tuanze na hesabu, ambayo mwalimu aweza kuipeleka darasani kama ilivyo. Gari la tani mbili na nusu likitoka Mto wa Mbu, penye mita 1,000 hivi, hadi ukingo wa kreta, huinuliwa mita 1,200. Kazi ya kuliinua tu, mbali na msuguano wa barabara na hewa, ni karibu megajuli 30. Lakini injini haigeuzi nishati yote ya mafuta kuwa kazi: kwa kadirio la jumla, theluthi moja huwa kazi, theluthi moja hutoka pamoja na moshi, na theluthi iliyobaki huchukuliwa na maji ya kupozea. Kwa hiyo maji hayo nayo hupokea kiasi cha megajuli 30 katika safari hiyo moja. Lita 12 za maji yaliyokwisha kupata moto, kama zisingeweza kulitoa joto hilo nje, zingegeuka mvuke zote. Na haya hutendeka gari likijikongoja kwa gea ndogo, katika hewa nyepesi kuliko ya pwani. Na upepo wa mashariki ukivuma, humfuata dereva mgongoni badala ya kuipiga rejeta usoni.

Ndiyo maana madereva wengi husema kwamba ni mlima unaochemsha gari. Sikubaliani nao. Malori ya vitunguu ya Mang'ola hupanda kutoka bonde la Ziwa Eyasi yakiwa yameelemewa, na yaliyo mazima hufika Karatu bila kuchemsha. Mlima hudhihirisha ubovu uliokuwamo tangu tambarare.

Chombo kinachodharauliwa kupita vyote ni kifuniko cha rejeta. Watu hukidhani ni kizibo tu cha kuzuia maji yasimwagike, kumbe springi yake huongeza kanieneo ndani ya mfumo. Kifuniko kizima cha kawaida huongeza kanieneo karibu sawa na ile ya hewa ya pwani, na maji ndani yake, hata Rhotia, hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, kiwango cha kuchemka hurudi 95. Themostati ya injini nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 au 88. Basi dereva hubakiwa na nyuzi chache tu za usalama, naye yuko katikati ya mwinuko. Hununuliwa rejeta mpya, na kifuniko kikuukuu hurudishwa juu yake!

Fundi mwenye busara huuliza kwanza gari lilichemka wakati gani. Likichemka mlimani au likisimama, na kupoa likienda kasi, hewa haipiti vya kutosha: atazame mkanda wa feni, feni yenyewe, na mapezi ya rejeta yaliyoziba kwa vumbi jekundu na mbegu za nyasi. Likichemka hata tambarare kwa mwendo wa kasi, pengine maji hayazunguki: pampu imechoka, au mirija ya rejeta imejaa gamba jeupe kama lile la ndani ya birika, litokanalo na maji yenye chumvichumvi. Maji yakipungua bila kuonekana yanakovuja, na mapovu yakitoka rejetani mara tu injini baridi iwashwapo, gasketi ya silinda hedi imeungua, na hapo kuongeza maji ni kupoteza wakati.

Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji yenye nyuzi 110 yakiondolewa kanieneo ghafla Rhotia, karibu sehemu tatu katika mia hugeuka mvuke papo hapo. Katika lita 12, hiyo ni theluthi ya lita ya maji, nayo huwa zaidi ya lita 600 za mvuke usoni pa mtu. Asubiri mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono. Wala maji baridi yasimiminwe kwa pupa katika injini iliyokauka, maana silinda hedi huweza kupasuka.

Sasa nije kwenye desturi ninayoipinga waziwazi, yaani kung'oa themostati na kuitupa eti ili maji yapite vizuri. Asubuhi za Ngorongoro ni baridi. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta mengi na kulika mapema. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi themostati inapofunguka huifunga njia fupi inayorudisha maji injinini bila kupitia rejeta. Ikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi, na gari huweza kuchemka kuliko awali.

Themostati haitupwi kabla ya kupimwa, na kipimo chake ni jaribio la shule: itundikwe kwa uzi katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, kisha wanafunzi waandike nyuzi inapoanza kufunguka. Mwalimu wa Rhotia atahadhari na jambo moja. Themostati ya nyuzi 82 kwa kawaida hufunguka kikamilifu karibu na nyuzi 95, na sufuria yake pengine haitafika hapo. Ikibaki pungufu kidogo asiihukumu kuwa mbovu. Mwenzake wa Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ataona maji yake yakifika karibu 97. Shule hizo mbili zikibadilishana madaftari, wanafunzi watakuwa na tarakimu walizozipima wenyewe.