Mbwa Jike Apewe Jina la Nani?

Likizo iliyopita nilifika nyumbani Gungu nikakuta mdogo wangu wa kiume kaleta mtoto wa mbwa. Alimwokota ufukweni Kibirizi, ndani ya salfeti lililofungwa mdomo, maji yameshaanza kuingia. Kwa nini alitupwa, hakuna aliyeuliza. Ni jike. Dume hupata mtu wa kumchukua hata kabla hajafungua macho, ila jike wanasema atajaza watoto uani. Mama alikubali abaki kwa sharti moja: mimi "msomi" nimtafutie jina, maana mdogo wangu alikuwa anamwita "we" tu.

Nikaona kazi ndogo hiyo. Nasoma ualimu, somo langu ni Historia. Nikaandika kwenye grupu la kozi: nataka jina la kihistoria la mbwa jike. Majibu yakamiminika: Cleopatra, Nefertiti, Malkia Elizabeth. Kisha mwenzetu mmoja akaandika jina la mama aliyezunguka nchi hii na TANU kudai uhuru, akaweka na vikatuni vya kucheka. Grupu zima likacheka. Mi sikucheka.

Ndugu wasomaji, msiniambie ni utani tu. Kwetu jina la mbwa ni maneno. Nani kati yetu hajakaa mtaa ambao mtu kampa mbwa wake jina la kumsema jirani? Kila jioni anaita kwa sauti, na mlengwa anajua fika kinachoitwa si mbwa. Sasa chukua jina la mama wa taifa, ulitie kwenye sentensi ya kila siku: "Fulani kaiba samaki, mpige jiwe!" Ukiona aibu kulisema mbele ya wajukuu zake, usimpe mbwa.

Na kuna jambo lililoniuma zaidi. Mbwa akiwa dume tunamwita Simba, Chui, Komando. Akiwa jike, ghafla tunakumbuka kwamba historia ina wanawake. Niliwauliza kwenye grupu hilo hilo: nani anamjua Mwami Theresa Ntare? Kimya. Huyo ni mwanamke aliyetawala Heru, huko Buha, upande wa Kasulu, enzi za Waingereza. Tuko mwaka wa tatu, keshokutwa tunaingia darasani kufundisha, na katika kumi na wenzao hakuna aliyemjua. Lakini Stanley kukutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871, hiyo kila mtu anaikariri.

Basi nikaachana na majina ya watu, nikageukia ziwa letu. Kumbe Ziwa Tanganyika lina historia ya majina ya mbwa kabisa! Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walileta boti mbili ndogo za vita kupambana na Wajerumani waliokuwa wanalitawala ziwa kutoka Kigoma. Zilishushwa Cape Town, zikapanda kwa treni, zikakokotwa porini Kongo kwa matrekta ya mvuke na maksai mpaka ziwani. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, aliomba ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wa jeshi la majini wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, na toutou ndivyo watoto wa Kifaransa wanavyomwita mbwa. Desemba 26, 1915 wakaiteka boti ya Wajerumani iliyoitwa Kingani, wakaibatiza Fifi.

Mdogo wangu akapenda "Mimi". Hebu fikiria niko mlangoni saa mbili usiku naita "Mimi! Mimi!" Jirani atauliza: "Wewe nani?" Toutou mama hakuweza kulitamka. Fifi lilikuwa zuri, ila ni jina alilopewa mateka na aliyemteka. Ilikuwepo pia Hedwig von Wissmann, meli ya Wajerumani iliyozamishwa Februari 1916. Hedwig alikuwa mke wa gavana. Yaani ziwa zima, jina la mwanamke ninalolikuta kwenye meli za vita ile ni la mke wa mtawala wa kigeni.

Ikabaki ile meli kubwa. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kuunganishwa hapa Kigoma. Iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Julai 1916 Wajerumani, wakijiandaa kukimbia, waliizamisha wenyewe baada ya kuipaka mitambo yake grisi isiharibike. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina Liemba, ambalo watu wa kusini mwa ziwa walikuwa wakiliita ziwa hili.

Hapo nikasema, huyu ndiye. Kazamishwa, kaopolewa, kapewa jina la hapa hapa. Nasi tumekuwa tukimwita Liemba tangu siku hiyo, na akiwa mbali tunakata: "Emba!"

Mzee mmoja jirani hakupendezwa. "Mjukuu wangu, meli yetu leo ni mbwa?" Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza alivyookotwa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, ila asije kwangu, mi naswali." Sawa kabisa, na uzio tumeuziba. Hoja yake ni ya haki, kwa sababu watu wengi wa Kigoma wamesafiri na meli ile wao na wazazi wao. Lakini meli haina wajukuu wa kudhalilishwa. Na watoto wa mtaani, kila mmoja anayeuliza "kwa nini Liemba?" anaondoka na kipande cha historia ya kwao. Mmoja alinirudia kesho yake kuuliza Götzen alikuwa nani. Swali hilo sikulipata hata siku moja nilipokuwa field nafundisha Kidato cha Pili.

Kwa hiyo, wenzangu, mbwa mtafutieni jina la ziwa, mto, mlima au chombo. Majina ya akina mama wa historia yana pa kwenda. Mabweni ya wasichana hapa chuoni yanaitwa A, B na C. Serikali ya wanafunzi inakaa kikao kila muhula na hili halijawahi kuwa ajenda. Naomba muhula huu liwe, na jina la kwanza naliweka mezani mimi: Mwami Theresa Ntare. Anayelipinga aje na lingine, ila aje na maelezo yake.