MAWIMBI YA HEWANI NI MALI YA UMMA

Mtumishi wa zimamoto aingiapo katika nyumba inayowaka, kinga yake ya mwisho ni simu ya upepo aliyoishika mkononi. Simu hiyo haina nguvu ya kufika mbali. Hutegemea mtambo wa kupokeza uliowekwa mlimani, ambao huisikia sauti yake, ukaikuza na kuirusha tena kwa wenzake. Asipousikia mtambo huo, ndugu yule yu peke yake.

Twayasema haya kwa sababu ya mambo yaliyotokea Marekani. Huko, katika masafa ya megahazi 800, njia za polisi na zimamoto zilichanganywa na njia za biashara za kampuni ya simu ya Nextel. Kampuni ikasimamisha minara mingi mitaani, karibu na watu. Askari aliyesimama jirani na mnara wa kampuni akashindwa kuusikia mtambo wake ulio mbali, kama mtu asivyoweza kusikia mnong'ono wa mwenzake ilhali ngoma yapigwa sikioni pake.

La kushangaza ni kwamba kampuni ilikuwa na kibali halali. Kosa kubwa lilikuwa katika ugawaji wenyewe: mwenye sauti kubwa aliketishwa bega kwa bega na mwenye sauti ndogo, pasipo nafasi kati yao.

Mwaka 2004 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo iliamuru njia zitenganishwe kwa gharama ya kampuni, nayo ikapewa masafa mengine. Kazi iliyokusudiwa kuchukua miaka mitatu ilifungwa rasmi mwaka 2021. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Watu binafsi nao wana wajibu. Afungaye nyumbani kikuza mawimbi pasipo kibali, antena ya nje ikaikaribia ya ndani, chombo chake huweza kujisikia chenyewe kikavuma, na uvumi huo ukawazibia jirani zake simu.

Wako watakaosema kwamba makampuni nayo yahudumia wananchi. Ni kweli, wala hatukatai. Lakini biashara ikikatika saa moja, hasara hulipika. Sauti ya mwokozi ikikatika dakika moja, maiti halipiki. Kwa hiyo wenye mamlaka ya kugawa masafa na wapime kabla ya kutoa kibali, wala wasingoje kilio. Hewa haina ukuta. Ukuta wake ni sheria njema na watu wanaoitii.