Majina matatu kwenye jalada

Katika Afrika Kusini ya makaburu, kila Mwafrika mtu mzima alitembea na kipande, na kipande kilitaja kazi yake. Uigizaji haukuhesabiwa kuwa kazi. Ndiyo maana John Kani na mwenzake Winston Ntshona, walipoamua mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuishi kwa jukwaa peke yake, waliandikishwa kuwa watumishi wa nyumbani wa Athol Fugard, mwandishi mzungu waliyekuwa wakishirikiana naye.

Kani ni mzaliwa wa New Brighton, kitongoji cha Waafrika cha Port Elizabeth. Mwaka 1965 alijiunga na Serpent Players, kikundi cha watu waliofanya mazoezi baada ya kutoka kazini. Jina hilo la nyoka lilitokana na shimo la nyoka la makumbusho ya mji huo, mahali walipokusudia kuonyesha kazi yao ya kwanza. Polisi wa siri hawakuwapa nafasi ya kupumua, na baadhi ya wenzao waliishia gerezani, akiwemo aliyepelekwa kisiwa cha Robben.

Mwaka 1972 Fugard, Kani na Ntshona walijifungia chumbani bila mswada wowote. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu ya picha ambayo Fugard aliiona kwa mpiga picha: mtu anatabasamu, mkono mmoja ameshika kiko, wa pili sigara. Kwa nini mtu huyu anatabasamu? Swali hilo likawa mbegu. Kani alikuwa amewahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford, akamwaga kila alichokiona huko. Kuna sehemu nzima ya mchezo inayosimulia siku bosi mkubwa alipokuja kutoka Marekani: kiwanda kinasafishwa kwa haraka, wafanyakazi wanaamriwa waonekane wana furaha na waimbe. Hayo hayakutoka kwenye kalamu ya Fugard. Yalitoka kwenye mgongo wa aliyesimama pale.

Mchezo ukaitwa Sizwe Banzi Is Dead, ukaonyeshwa mara ya kwanza Oktoba 1972 katika ukumbi wa The Space mjini Cape Town. Sizwe hana ruhusa ya kukaa mjini. Usiku yeye na mwenzake wanakuta maiti, Sizwe anachukua kipande cha marehemu, na kwa hesabu ya serikali Sizwe ndiye amekufa. Mwaka uliofuata wakatunga The Island, kuhusu wafungwa wawili wanaoandaa tamthilia ya Antigone gerezani. Wafungwa hao wanaitwa John na Winston, majina ya waigizaji wenyewe. Michezo yote miwili ikafika London na New York, na mwaka 1975 Kani na Ntshona wakapewa kwa pamoja tuzo ya Tony ya mwigizaji bora.

Tuzo hutajwa sana, lakini kuna kitu kikubwa kuliko tuzo, nacho kiko kwenye jalada. Tamthilia hizo zilipochapwa mwaka 1974, watunzi walitajwa watatu: Fugard, Kani, Ntshona. Fugard tayari alikuwa na jina, na sheria ya nchi yake iliwatambua wenzake kama watumishi wake. Angeweza kuweka jina lake peke yake na dunia ingekubali. Hakufanya hivyo, na kwa hilo anastahili heshima.

Gharama ya kazi hiyo Kani aliilipa mwenyewe. Mwaka 1976 yeye na Ntshona walikamatwa Transkei baada ya kuonyesha Sizwe Banzi, wakawekwa kizuizini. Mwaka 1985 alicheza katika tamthilia ya Miss Julie pamoja na mwigizaji mzungu Sandra Prinsloo, na baadhi ya watazamaji wakainuka wakatoka. Miaka miwili baadaye akawa Othello katika Market Theatre ya Johannesburg, chini ya uongozaji wa Janet Suzman. Igizo hilo likarekodiwa kwa ajili ya televisheni. Mwaka uleule wa Miss Julie, polisi walimuua mdogo wake, mshairi. Kidonda hicho ndicho kilichozaa Nothing but the Truth ya mwaka 2002, na safari hii jalada lilikuwa na jina moja, lake. Mwaka 2019, akiwa mzee, alipanda jukwaa la Stratford pamoja na Antony Sher katika Kunene and the King, tamthilia aliyoiandika mwenyewe. Watoto wa leo wanamjua kama T'Chaka, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda katika filamu za Marvel, na wakati ile ya kwanza aliyocheza ikitengenezwa ni yeye aliyependekeza watu wa Wakanda waongee Kixhosa. Mwigizaji huyu hakuacha kuwa mtunzi hata kwenye filamu za fedha nyingi.

Turudi nyumbani Tanzania. Amri Athumani wa Tanga, King Majuto, alichekesha watu jukwaani, kwenye kanda, kwenye video na kwenye runinga kwa miongo kadhaa. Yale maneno aliandikiwa na nani? Yeyote aliyewahi kusimama kwenye lokesheni ya vichekesho vya Bongo analijua jibu. Mwigizaji hupewa kisa kwa dakika chache. Maneno, vituko, majibizano, anajitafutia kamera ikiwa inazunguka. Huo ni utunzi. Lakini mkataba, ukiwepo, humlipa kama mtu aliyekuja kusimama mbele ya kamera, na kanda huendelea kuuzwa na kurushwa bila yeye. Majuto alipokuwa mgonjwa mwaka 2018, suala la mikataba yake lilizua mjadala hadi waziri mwenye dhamana ya sanaa, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Agosti 8 mwaka huo Majuto alifariki Muhimbili.

Sheria yetu ya mwaka 1999 inatenganisha hakimiliki ya mtunzi na hakishiriki ya mwigizaji. Mgawanyo huo unafaa pale mswada ulipoandikwa na mtu mwingine. Haufai pale mtunzi na mwigizaji ni mtu mmoja mwenye mdomo mmoja. Mzalishaji anayeingia lokesheni bila mswada aandike kwenye mkataba, kabla kamera haijawashwa, kwamba waigizaji wake ni watunzi wenza, na fungu lao la mauzo ni kiasi gani. Karatasi hiyo ipelekwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, pamoja na kazi yenyewe, na majina yao yasomeke mwanzoni mwa filamu, kwenye mstari wa mtunzi.