Vijana Wafunzwe Mwanga na Kivuli Kabla ya Kompyuta

Imekuwa desturi siku hizi mtu akitaka bango la duka, kadi ya harusi au jina la kupamba matatu, aende kwa kijana mwenye kompyuta. Kijana hufungua programu ya kuhariri picha, akaandika jina la mteja, akabonyeza mahali pawili au patatu, na mara herufi zikafura kama mahamri yaliyokolea hamira. Mteja hufurahi, akalipa, akaenda zake. Lakini hebu, ndugu msomaji, mtake kijana huyo huyo akuchoree chungu. Si herufi tena. Chungu tu cha kupikia, kionekane kimekaa juu ya meza. Hapo ndipo utakapoona mambo.

Maoni yangu ni kuwa tumewafunza vijana wetu mashine kabla ya kuwafunza kutazama, na jambo hili litakuja kuwamwagia unga.

Yafaa ieleweke kwamba kioo cha kompyuta ni bapa kama karatasi. Kina urefu na upana, basi. Unene haumo. Mchoraji ndiye anayelidanganya jicho liuone unene usiokuwapo, na jicho halidanganyiki ovyo ovyo. Lataka umbo lililo sawa, kisha mwanga ulio sawa.

Mdomo wa sufuria ni duara, lakini ukiutazama ukiwa umeketi huoni duara, waona duaradufu. Hilo wengi hulijua. Wasilolijua ni kuwa kitako nacho hufuata kanuni iyo hiyo: kadiri duara linavyoshuka chini ya usawa wa macho, ndivyo duaradufu lake linavyozidi kupanuka. Kwa hivyo ukingo wa chini wapaswa kupinda kuliko wa juu. Nenda basi ukatazame mabango ya hoteli zetu ndogo ndogo. Mdomo wa sufuria umepindwa vizuri, na chini pamepigwa mstari ulionyooka kama rula. Sufuria ya namna hiyo haikukaa mezani. Imekatwa kwa msumeno! Wala kanuni za kuchora vitu kama jicho livionavyo si ngeni. Leon Battista Alberti wa Italia alikwisha kuandika kitabu juu ya mambo haya mwaka 1435.

Mwanga ndio wenye kazi kubwa zaidi. Chora duara katika programu kama GIMP au Photoshop, ulijaze rangi moja ya udongo. Ulichonacho ni sarafu. Sasa fungua tabaka jipya juu yake, uchukue kile chombo cha kumwaga rangi inayofifia polepole kutoka nyeupe hadi nyeusi, na weupe wenyewe usiuanzishe katikati bali kando, tuseme juu kushoto, kule unakotaka taa iwe. Mara ile sarafu imekuwa mpira. Wengi huishia hapo, na mpira wao ukabaki kuning'inia hewani kama puto. Umekosa kivuli cha chini, ambacho lazima kielekee upande wa pili wa taa, kiwe cheusi na chenye ukingo mkali pale mpira unapogusa meza, kisha kififie na kutiwa ukungu kadiri kinavyokwenda mbali. Tena upande wa giza wa mpira wenyewe hauwi mweusi ti mpaka ukingoni. Meza hurudisha mwanga kidogo, na pale chini pakatokea utepe mwembamba wenye rangi ya meza. Utepe huo ndio unaolifanya jicho likubali kuwa mpira umezunguka ukaenda nyuma. Kitufe cha kufurisha herufi hakiujui, maana hakijui meza yako ni ya rangi gani.

Na chungu si sufuria. Udongo huunywa mwanga, rangi ikahama taratibu kutoka weupe hadi giza. Bati la sufuria huurusha mwanga, mstari mweupe ukakaa ubavuni mwa mweusi bila kupeana nafasi. Mambo haya kijana hayapati katika kompyuta. Huyapata jikoni kwa mamake, akitazama.

Sisemi kila picha sharti iwe na unene. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, aliwachora wanyama wake bapa kabisa, na wageni wakazigombania picha zake. Ubapa wake ulikuwa wa makusudi. Ninaoulalamikia ni unene wa kubahatisha, herufi moja ikimulikwa kutoka kushoto na jirani yake kutoka kulia.

Kuna watakaosema kuwa yote haya ni kupoteza wakati, kwa kuwa zipo programu kama Blender, iliyofunguliwa kwa umma bure mwaka 2002, ambazo hukadiria mwanga na kivuli zenyewe. Ni kweli. Lakini mwaka 1975, Martin Newell wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alipotaka kuitia kompyuta birika la chai, alilitazama birika la nyumbani kwake akalichora kwanza kwa penseli kwenye karatasi ya miraba. Birika hilo limetumiwa na mabingwa wa michoro ya kompyuta tangu siku hizo. Isitoshe, mashine hunyang'anya kama inavyotoa. Photoshop ilitiwa vyombo vya pande tatu mwaka 2007, na kuanzia mwaka 2021 wenyewe Adobe wakaanza kuviondoa. Aliyekuwa akila kwa vyombo hivyo tu alifanyaje?

Mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliwapa watoto somo la sanaa na kazi za mikono, kisha likaondolewa katika mtihani wa shule za msingi na walimu wengi wakalisahau. Mtaala wa umilisi umeirudisha sanaa darasani. Ni heri, lakini isirudi kwa kukimbilia chumba cha kompyuta. Sufuria moja, dirisha moja, vipande vya mkaa na karatasi vyatosha majuma mawili ya kwanza. Baadaye wafunguliwe GIMP, ambayo ni ya bure, wachore sufuria ile ile kwa kipanya, mwalimu akiiweka ile halisi kando ya kioo ili walinganishe.

Na sisi wateja tusijitoe lawamani. Twalipia mng'aro bila kuuliza. Siku mteja atakapomwuliza fundi wa bango taa ya picha yake iko upande gani, kijana atalazimika kuitafuta kabla ya kudai pesa.