Dada wa Ipinda na "Hazina Iliyojificha": Kwani Aliificha Nani?

Ipinda watu wanajuana, kwa hiyo jina la huyu mdada tuliache. Mwaka wa pili sasa yuko chuo Uingereza, anasomea uandishi wa habari za safari na utalii. Baba yake ana shamba la kakao na majaruba kadhaa ya mpunga, na kakao ndiyo iliyomkatia tiketi. Tangu hapo vijiweni stori ni moja tu: mzee wa watu kauza kakao, mtoto kaenda kusomea kutembea.

Eti kusomea kutembea! Ingekuwa ni kutembea tu, makonda wa Kyela wote wangekuwa maprofesa. Mwandishi wa safari anauliza nauli, anahesabu saa za njiani, anajua mvua ya Aprili inaifanyaje barabara, anajua mwenye mtumbwi anaaminika au ndio wale wale. Halafu anaandika hivyo vyote ili mtu aliyekaa Mwanza apange likizo yake bila kupigwa. Hiyo ni kazi, na watu wanaisomea kama wanavyosomea uhasibu.

Kuna na wale wa "mbona hatumi hela, si auze makala huko huko?" Jamani, viza ya mwanafunzi wa shahada kule inamruhusu kuajiriwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kujiajiri ni marufuku. Kuuza makala kama mwandishi wa kujitegemea ni kujiajiri, na mtu anaweza kupoteza viza yake hivi hivi. Kwa hiyo dada anaosha vikombe kwenye mgahawa, na picha anazopiga kwenye huo huo mgahawa ndizo wabongo wanasema anakula bata.

Hapo anaonewa. Pa kumbana ni kwingine.

Disemba alirudi likizo, akashuka Matema, akatoa video. Muziki wa taratibu, mchanga, Milima ya Livingstone kwa mbali, maelezo yote Kiingereza. Matema ikaitwa "hazina iliyojificha" na ziwa likafananishwa na Maldives, ambako hata yeye hajafika. Sasa hiyo hazina aliificha nani? Jirani tu na Matema, pale Lyulilo, kila Jumamosi kuna soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi wanavifinyanga kule Ikombe, vinaletwa kwa mitumbwi. Kwenye video hao mama wanapita sekunde mbili, kwa nyuma, kama miti. Hakuna aliyeulizwa hata bei ya chungu. Na Ipinda yenyewe, ambayo ukitoka Kyela kwenda Matema lazima uipite, haimo kabisa!

Mgeni akifanya hivyo anaeleweka, lugha hana na siku zake ni mbili. Huyu anaongea Kinyakyusa toka utotoni.

Na wala isisemwe kwamba Kiswahili hakina mfano. Selim bin Abakari aliandika safari yake ya Nyasa, wakati Mjerumani Wissmann anapeleka stima ziwani. Mwaka 1896 akafika Urusi mpaka Siberia, nayo akaiandika. Zote zimo kwenye *Safari za Wasuaheli*, kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1901. Yaani mtu katoka kwenye theluji akawasimulia wenzake kwa lugha yao, na chuo cha uandishi wa safari hakukanyaga. Dada wa watu anakisoma, kwa hela ya kakao, na mzee aliyeitoa hiyo hela ameiangalia video ya kwao bila kuambulia neno.

Video imependwa sana, tusimnyime haki yake. Chini yake kuna swali limeulizwa na kuulizwa tena, kwa Kiswahili: kutoka Kyela mjini mpaka Matema nauli shilingi ngapi?

Mpaka leo hajajibu.